Nyota zinazopwita hutupaje umbali?

Umeuliza tunajuaje kwamba nyota iko mbali kweli na si hafifu tu kwa asili yake. Hapo ndipo nyota za Sefeidi zinapotufaa. Hutanuka na kusinyaa kwa mpigo wa siku chache hadi miezi kadhaa, kwa sababu tabaka la heliamu ndani yake huzuia joto, kisha huliachia.

Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, mtaalamu wa nyota wa Harvard, alieleza jambo ambalo mpaka leo linanisisimua: kati ya Sefeidi 25 za Wingu Dogo la Magellan (galaksi ndogo jirani yetu), zenye mpigo wa polepole ndizo zenye mwanga mkali zaidi. Zote ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, kwa hiyo tofauti ni ya nyota zenyewe. Basi ukipima mpigo unajua nyota inatoa mwanga kiasi gani. Ulinganishe na unaotufikia, umepata umbali. Mwanga ukifika robo, umbali ni mara mbili.

Kwa njia hiyo mtaalamu wa nyota Edwin Hubble alionyesha kuwa Andromeda ni galaksi nyingine kabisa, na mwaka 1929 kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kututoroka.

Kutoroka huko ni dalili kwamba ulimwengu unatanuka. Kuhusu kasi ya kutanuka huko: Sefeidi pamoja na supanova (nyota zinazolipuka) hutoa takriban kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki (miaka ya nuru milioni 3.26), ilhali mnururisho uliobaki tangu Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, hutoa 67 hivi. Darubini ya James Webb imezipima Sefeidi upya, na pengo hilo bado lipo.