Maswali yenu: MGB, Elan na kutu mnayoificha

Mmeandika wengi kuhusu magari yenu ya zamani ya michezo ya Kiingereza, na kama kawaida nusu yenu mnataka nguvu za farasi kabla hamjapiga magoti kuangalia chini ya gari. Haya twende.

Nina MGB ya 1972, ile ya wazi. Nataka kutoa injini nitie V8 ya Rover, ile ya silinda nane. Chini ya milango kuna kutu kidogo tu. Nianze na injini au gia boksi? (Msomaji, Coventry)

Kutu kidogo haipo ndugu yangu. Hiyo unayoiona imeshakula ndani ikashiba, sasa imetoka nje kupunga upepo. MGB haina chesisi pembeni, bodi ndiyo chesisi, na yako haina paa, kwahiyo vile vizingiti vya chuma chini ya milango ndivyo vinavyoshika mbele na nyuma visiachane. Leo jioni piga jeki, huku unaangalia uwazi kati ya mlango na bodi, ukiona unabadilika au mlango unagoma kufunguka basi hiyo V8 iache kwa muuzaji.

Chukua na sumaku, izungushie kitambaa usikwaruze rangi, ipitishe taratibu chini ya mlango, pale isiponata hakuna chuma. MGB yangu ya kwanza niliuziwa ikiwa nyekundu inang'aa mpaka unajiona, nikapitisha sumaku ikaanguka chini, nikapitisha tena ikaanguka tena, nikachukua patasi nikagonga kidogo tu likamenyeka bonge la fila, ile plasta ya kuzibia mashimo, nyuma yake waya wa banda la kuku na gazeti limekunjwa kunjwa. Gazeti lenyewe bado linasomeka, ukurasa wa michezo. Nilikaa chini nikalisoma, ningefanya nini.

Sasa sikiliza. Kizingiti kina kuta zaidi ya moja, ya nje, ya kati na ya ndani. Fundi akikwambia anabandika bati jipya juu ya la zamani huyo anamvalisha maiti suti. Na kabla hajakata chochote achomelee kwanza vyuma vya kushikilia tundu la mlango, manake ukikata bila hivyo gari linajikunja kati na likichomelewa vile lilivyolala milango haitafunga maisha yako yote. Kama bodi imeisha kabisa, British Motor Heritage wanatengeneza mpya tangu 1988, bei inauma ila kuna wakati ni nafuu kuliko viraka.

V8 yenyewe sina neno nayo. Ni ya alumini, haiongezi uzito wa kutisha, na kiwanda chenyewe kiliuza MGB GT V8 ya lita 3.5 kati ya 1973 na 1976. Lakini waliitia kwenye yenye paa tu, hilo nakuachia ulitafakari. Halafu breki, usipande nguvu ukabaki na breki zile zile. Na usinijie na habari kwamba gari ikivuka miaka 40 haidaiwi MOT, ule ukaguzi wa magari wa Uingereza. Kusamehewa kukaguliwa sio kuwa mzima, na tena ukibadilisha vitu vikubwa msamaha wenyewe unaweza kuupoteza.

Kabureta za SU, kile kikombe cha juu natia oili gani?

Oili ya injini, SAE 20. Nimejibu hili mara ngapi jamani? Sio mafuta ya breki, na sio "kaka yangu alisema ikae kavu", ikikaa kavu pistoni inaruka ukikanyaga ghafla na injini inakohoa.

Nimefunga redio mpya kwenye MGB ya 1965, imetoa moshi hapo hapo. Redio feki? (Msomaji, Nairobi)

Redio haina kosa, marehemu alikuwa mzima. Mpaka 1967 MGB zilitoka kiwandani chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi, sio hasi kama gari lako la kila siku. Unaweza kuigeuza na sio kazi ngumu, ila soma kwanza. Na ukiwa huko nyuma ya viti kwenye zile betri mbili za volti 6, inua betri uangalie sakafu iliyozibeba. Ukiona lami ya barabarani kupitia hapo, rudi juu usome jibu la kwanza.

Taa za Lotus Elan yangu ya 1965, zile za kuinuka, zinasinzia. Nawasha zinainuka, nikienda kidogo zinashuka zenyewe. Nibadilishe mota?

Mota gani? Hizo taa zinainuliwa na uvutaji wa hewa kutoka kwenye injini, na tenki la kutunzia huo uvutaji ni lile boriti la mbele la chesisi lenyewe. Angalia mipira na mabomba kwanza, ni rahisi. Ikiwa yote mazima basi boriti limetoboka kwa kutu na hewa inaingia, yaani taa zinakwambia chesisi inaoza. Watu wananunua Lotus wakisema "bodi ni faiba haiozi", kweli haiozi, iliyo chini yake ndiyo inaoza, na faiba inakufichia vizuri kabisa. Usiendeshe usiku, tena hata mchana subiri uone chini.

Niko Mombasa na MG Midget. Nipake lami chini yote kuzuia chumvi?

Hapana. Lami ikishakauka inapasuka, maji ya chumvi yanaingia nyuma yake yanakaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi, na wewe huoni kitu. Osha chini kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, zibua matundu ya kutolea maji, halafu nta ya kupuliza ndani ya vizingiti.

Rimu za spoku zinagonga "klak" nikiondoa gari. (Msomaji, Leicester)

Meno ya habu, pale rimu inapoingia, yameliwa. Badilisha habu na rimu pamoja, usichanganye mpya na kuukuu, na usiendeshe mpaka ufanye hivyo.

Nataka kupunguza uzito wa Austin-Healey Sprite yangu nitie kwenye mashindano. Nitoboe matundu kwenye vizingiti?

Wewe nipigie simu. Weka drili chini kwanza.