Si kila muwasho ni fangasi

Ukiingia duka la dawa hapa Mtwara mjini ukanong'ona kwamba unawashwa sehemu za siri, hujamaliza kusema umeshafungiwa dawa ya fangasi. Mimi nilipewa ya kuingiza, nikapewa na ya kumeza, na hali ikabaki vilevile. Uchafu sikuwa nao, harufu hakuna. Kilichonisumbua ni mchomo na ukavu, na tendo la ndoa likawa adhabu. Miaka 50 ilikuwa inabisha hodi na hedhi ilishaanza kuruka miezi.

Muuguzi wa kituo cha afya alichukua kipimo kwa pamba, majibu yakatoka, akaniambia: "Mama, fangasi huna. Homoni ya estrojeni imepungua, ngozi ya ndani imekuwa nyembamba, ndiyo maana inachubuka." Wanaonyonyesha nao hupatwa na ukavu huu, hata kama mama mwenyewe bado ni binti mdogo.

Fangasi wenyewe huwasha kweli, na mara nyingi hutoa uchafu mweupe mzito kama mtindi, usio na harufu kali. Huwapenda wajawazito, wenye kisukari kisichodhibitiwa na waliotoka kumeza antibiotiki. Ukiona majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo, hasa baada ya tendo, hapo shuku bakteria; dawa ya fangasi haiwagusi, wao dawa yao ni metronidazo. Majimaji ya njano au kijani yenye povu yanaweza kuwa trikomonasi, ugonjwa wa zinaa, na hapo mume naye atibiwe, apende asipende. Lakini dalili hizi huingiliana, kwa hiyo pima kwanza.

Sasa niseme jambo ambalo somo wangu hatalipenda. Unyagoni nilifundwa mengi ninayoyashukuru hadi leo, ila kujiosha ndani kwa sabuni, maji ya ndimu, na ile shabu ya kubana, jamani tuache. Uke una bakteria wake wema wanaoufanya uwe na asidi, na asidi hiyo ndiyo inayowazuia wabaya. Ukiwasafisha wale, wabaya wanapata nafasi. Osha nje kwa maji, inatosha.

Kwa ukavu, ulizia kilainishi chenye asili ya maji. Mafuta ya nazi huku kwetu hayakosekani na wengi wanayasifia, lakini yanaharibu mpira wa kondomu, inapasuka. Krimu ya estrojeni ipo na inasaidia sana. Iandikwe na daktari, na kama umewahi kuugua saratani ya matiti mwambie mapema. Zungumza na mwenzako pia. Baba watoto wangu alishaamini simtaki tena. Alipoelewa, haraka zake zikapungua, na hiyo peke yake ilikuwa nusu ya dawa.

Lakini ukitokwa damu baada ya tendo, au hedhi imekoma mwaka mzima kisha ukaona damu, usingoje malipo ya korosho. Nenda hospitali wiki hiyohiyo, wakuangalie mlango wa kizazi na kizazi chenyewe.