Geti la kuagiza: mwandikie fundi unene wa bomba

Kwa uliyeuliza umwambie nini fundi wa kuchomelea kabla ya kulipa: picha ya simu haitoshi. Andikeni unene wa bomba, yaani wa bati lake. La mraba la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 1.2 na lile la milimita 2, yakishapakwa rangi, huyatofautishi kwa macho. Jembamba ndilo hulegea kwenye bawaba. Upana wa uwazi litakapokaa geti upimwe juu, katikati na chini, mshike kipimo kidogo zaidi, kisha mpunguze nafasi ya bawaba na komeo. Geti likague kabla ya rangi (rangi huficha mengi): pima kona kwa kona kimshazari, vipimo viwili visipolingana limekwenda upande. Salio ulipe geti likishawekwa mahali pake na kufunguka bila kukwaruza.