Abiria 21 kwenye mashua ya watu wanane

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mwanachuo, kwetu ni Langoni, Lamu. Ami yangu ana mashua mbili za kupeleka wageni kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, na kuwazungusha jioni jua likizama. Ameniomba nimtengenezee tovuti ambayo mgeni ataweka nafasi na kulipa kabla hajafika. Chuoni tumebishana kuhusu lugha ya kuiandikia programu mpaka tukakaribia kununiana: mmoja anasema PHP ni lugha ya wazee, mwingine haoni ila Python, wa tatu anadai JavaScript inamaliza kila kitu. Nishike ipi?
Msomaji, Lamu

JIBU: Aleikum salaam, mwanangu. Msalimie ami. Kabla ya jibu nikupe aibu yangu, maana mambo ya tovuti za mashua yameshanitoa jasho hapa Malindi.

Nilimtengenezea nahodha mmoja fomu ya wageni wanaokwenda kuangalia samaki kwenye hifadhi ya bahari. Palikuwa na kisanduku: “Mko wangapi?” Kazi ya programu ilikuwa kuongeza mtu mmoja, yule kijana wa kuwaongoza. Mgeni wa kwanza akaandika 2. Alfajiri simu ikalia: “Mwalimu, hawa 21 niwapakie wapi? Chombo changu ni cha watu wanane!”

Kosa lilikuwa langu. Kinachoandikwa kwenye kisanduku huifikia programu kama maandishi, hakiji kama namba. JavaScript ikikuta maandishi “2” na namba 1 katikati yake pana alama ya kujumlisha, huyabandika pamoja, basi unapata 21. Hailalamiki. Python ungeiandikia hivyo hivyo ingekataa na kusimama palepale, ikikwambia maandishi na namba havijumlishwi. PHP ingeigeuza ile “2” kuwa namba na kukupa 3, kwa sababu kwake yeye kubandika maneno kuna alama yake, nukta. Hesabu ni ileile, lakini tabia ni tatu. Wenzako wanaposhindana kuhusu kasi, waulize lugha yao hufanya nini mwandishi akikosea saa sita za usiku.

Sasa, JavaScript utajifunza upende usipende. Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza kwa siku kumi hivi mwaka 1995, akiwa kampuni ya Netscape, na mpaka leo ndiyo lugha ya vivinjari vyote, zile programu za kufungulia tovuti. Kalenda ya kubofya tarehe, kisanduku kinachogeuka rangi, vyote hivyo ni vyake. Kwa hiyo ugomvi wenu hasa ni wa upande wa seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti na kujibu maombi ya wageni. Tangu 2009, Ryan Dahl alipotoa Node.js, programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, JavaScript imeingia huko pia, na kutumia lugha moja pande zote mbili ni raha, sikatai. Lakini programu ya Node hukaa macho muda wote ikingoja wageni. Ikianguka usiku na hujaweka kitu cha kuiamsha, tovuti imelala mpaka uamke wewe. Python na Django, mfumo wake wa kujengea tovuti, nayo huwa na programu yake ya kulindwa hivyo hivyo. PHP kwa kawaida huamka ombi linapokuja, hujibu, kisha huaga. Ombi moja likiharibika, linalofuata huanza upya.

Hiyo “lugha ya wazee” Rasmus Lerdorf aliianza miaka ya 1990 kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe, na leo ndiyo inayoendesha Wikipedia na kila tovuti iliyojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Seva za kupanga za bei nafuu karibu zote huwa nayo tayari. Unapandisha mafaili, umemaliza. Mimi ningemjengea ami kwa PHP. Wewe utarudi chuoni, na siku fomu ikigoma ami atamtafuta fundi wa karibu. Fundi anayejua PHP hatamkosa.

Malipo yasikuchagulie lugha. Kwa M-Pesa, seva yako hutuma ombi kwa Safaricom, mteja huona dirisha la kuweka PIN kwenye simu yake, kisha majibu hurudishwa kwenye anwani ya seva yako. Lugha zote tatu zinaliweza hilo. Ila mgeni aliyeko Italia bado hana laini ya Kenya, kwa hiyo weka na njia ya kadi.

Mimi ningekuwa wewe, kichwa ningekiumiza kwa maji, si kwa lugha. Mkono wa bahari wa kuingia Takwa, pale kwenye mikoko, hupitika maji yakijaa. Na maji hayana saa moja: kila siku husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukiweka safari ya “saa tatu asubuhi kila siku”, kuna siku mashua itakwama kwenye tope na wageni ndani. Kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, tengeneza jedwali la tarehe na saa ya maji kujaa, kisha tovuti ifungue nafasi kwa kufuata jedwali hilo. Kaa na ami jioni moja, akwambie ni muda gani kabla na baada ya maji kujaa anakubali kuingia. Hiyo ndiyo kanuni ya programu yako, naye anayo kichwani.

Kikomo cha abiria kiandike kwenye seva pia, usikiache kwenye kivinjari peke yake, maana mtu yeyote mjanja hukipita. Ukimaliza nitumie anwani. Nitajaza wageni sifuri, kisha hasi tatu (-3), nione itanijibu nini.