Milima Ipitwe Mchana: Wasomaji Wauliza Kuhusu Likizo ya Treni

Barua za likizo ya Juni zimetufikia nyingi safari hii, nyingi zikitoka Mwanza, Sengerema, Magu na Musoma. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: familia ya Kanda ya Ziwa ifanyeje ili watoto waione milima wakiwa dirishani kwenye treni? Tumechagua zile zilizogusa mambo ya wengi.

Ndugu wahariri, nina watoto watatu, wa miaka 3, 7 na 11. Wamezaliwa hapa Mwanza na kilima wanachokijua ni mawe ya Capri Point. Nina siku saba na pesa ya kiasi. Nianzie wapi?
*Baba, Nyamanoro*

Baba, anzia kwenye saa kabla ya kuuliza nauli. Familia nyingi hukata tiketi ya treni yoyote iliyopatikana, kisha hupita milimani saa mbili usiku na watoto hawaoni ila sura zao kwenye kioo. Kwetu jua huchomoza na kuzama kati ya saa 12 na saa 1 hivi mwaka mzima, kwa hiyo una saa kumi na mbili tu za kugawa. Tafuta kwanza kipande chenye milima, halafu ipange safari yote iliyobaki ili kipande hicho kiangukie mchana.

Kwa siku saba, kipande kinachokufaa ni cha SGR, reli mpya ya kisasa, kati ya Dodoma na Morogoro. Siku ya kwanza pandeni basi la alfajiri stendi ya Nyegezi, mpitie Shinyanga, Nzega na Singida, mfike Dodoma jioni. Ni kama kilomita 700. Siku ya pili msisafiri. Siku hiyo ndiyo akiba yenu, kwa sababu basi likiharibika Nzega mkafika usiku wa manane, treni ya kesho yake asubuhi itawaacha. Siku ya tatu pandeni SGR hadi Morogoro. Chagua treni inayoondoka Dodoma baada ya kupambazuka na kufika Morogoro kabla ya saa 11 jioni. Siku ya nne na ya tano ni za milima ya Uluguru, ya sita mnarudi Dodoma kwa treni, ya saba basi la Mwanza.

Milima mikubwa mtaanza kuiona baada ya Gulwe, treni inaposhuka kufuata bonde la mto Mukondokwa kuelekea Kilosa. Hapo milima ya Rubeho inawabana na kuna mahandaki manne. Yote kwa pamoja hayafiki kilomita tatu, na kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa yanaisha kwa takriban dakika moja na nusu. Mkianza kufungua chakula Gulwe, mtayakosa. Waambie watoto mapema wakae tayari.

Baada ya Kilosa nchi inafunguka kuwa tambarare ya Mkata, kisha Uluguru inajitokeza mbele kwa upande wa kulia. Mji wa Morogoro umekaa chini ya mlima huo, upande wake wa kaskazini. Mkirudi Dodoma mlima utakuwa kushoto, kwa hiyo aliyekosa dirisha wakati wa kwenda abadilishane na mwenzake.

Morogoro msipange makubwa. Njia ya Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani kwenye takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, inawatosha hao wawili wakubwa. Ondokeni asubuhi kabla ya mawingu kufunika mlima, mchukue kiongozi wa njia mjini, na huyo wa miaka mitatu abebwe mgongoni. Viatu viwe vyenye meno chini, maana udongo wa Uluguru ukilowa huteleza kama sabuni.

Mimi nataka kujua hesabu. Watoto wanalipaje SGR, na tiketi zikatwe vipi ili tukae pamoja?
*Mama Neema, Kirumba*

Mama, huduma ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida Dar es Salaam hadi Dodoma ilitangazwa kuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alipangiwa nusu, na wa chini ya miaka 4 bure. Chukua familia ya Nyamanoro hapo juu: wazazi wawili ni 62,000, watoto wawili 15,500 kila mmoja ni 31,000, mdogo halipi. Jumla 93,000 kwenda tu, mkifika hadi Dar. Mkiishia Morogoro inapungua. Thibitisha nauli ya siku yako kabla ya kuweka bajeti, na ukumbuke kwamba anayesafiri bure hana kiti, atakaa mapajani. Kwa saa mbili za kufika Morogoro si tabu. Hadi Dar mtapokezana.

Kata tiketi zote kwa mkupuo mmoja. Mkikata kwa siku tofauti viti vitatawanyika, na mtoto wa miaka saba atajikuta kati ya watu asiowajua. Tiketi inabeba jina, kwa hiyo jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe karibu kwa ajili ya swali la umri.

Makosa mawili yanawakuta wengi Dodoma. La kwanza ni kwenda stesheni ya zamani ya katikati ya mji. SGR ina stesheni yake, na dereva wa bajaji aambiwe hivyo kabla hajaondoka. La pili ni kufika dakika za mwisho kama mnavyodandia basi. Kuna ukaguzi wa tiketi na mizigo, na milango hufungwa kabla ya muda wa treni. Mwenye watoto afike angalau saa moja na nusu kabla.

Kwa nini nisipande treni hapa hapa Mwanza Mjini? Reli si ipo?
*Msomaji, Igoma*

Reli ipo tangu mwaka 1928, tawi la kutoka Tabora lilipofika ziwani. Treni hiyo ya reli ya zamani ni nafuu, na watoto wanaweza kulala wamejinyoosha ukikata daraja la pili la kulala, lenye vitanda sita kwa chumba. Mkiwa sita chumba ni chenu. Mkiwa pungufu mtachanganywa na wengine, na kwa kawaida wanaume na wanawake hutengwa, kwa hiyo baba anaweza kujikuta chumba kingine na watoto wa kiume. Kama uwezo upo, lipieni vitanda vyote.

Ila hamtaona milima siku ya kwanza. Kutoka mawe ya Mwanza mnaingia mbuga za Shinyanga na misitu ya Tabora, nchi nzuri lakini tambarare. Na treni hii huchelewa, mara nyingine kwa saa nyingi. Usiiunganishe kamwe na tiketi ya SGR ya siku ileile. Weka usiku mmoja Dodoma, ikiwezekana miwili.

Msimu wa mvua una shida yake. Kati ya Gulwe na Kilosa reli ya zamani imepita chini, kando ya mto, na mafuriko yameibomoa mara nyingi. Anayesafiri kati ya Januari na Aprili aulize stesheni kama njia iko wazi. Juni ni salama zaidi: mvua zimekwisha na milima bado ni ya kijani.

SGR ya Mwanza nayo? Tusubiri iishe ndipo tusafiri?
*Kijana, Misungwi*

Msisubiri. Kipande cha Mwanza hadi Isaka ni kilomita 341, jiwe la msingi liliwekwa Juni 2021. Hata kikikamilika, chenyewe hakina milima. Kitawapunguzia safari ya basi tu, nayo milima itakuwa palepale ilipo leo.

Nimesikia TAZARA ndiyo yenye milima hasa. Tuko watu wazima wawili, watoto wawili (9 na 13) na mama yangu wa miaka 68. Tuna wiki mbili. Inafaa?
*Mwalimu, Magu*

Umesikia kweli, mwalimu. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote ni Mlimba hadi Makambako, kama kilomita 157. Hapo treni inatoka bonde la Kilombero na kuupanda ukingo wa nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki sana, ndiyo maana reli kwa kawaida haipandi zaidi ya takriban mita mbili kwa kila mita 100. Mlima ukiwa mkali kuliko hapo, njia lazima izunguke, itoboe au iruke korongo. Ndipo mahandaki na madaraja mengi ya TAZARA yalipo. Treni huenda polepole mno, na hiyo ndiyo raha yake. Mbele zaidi, Uyole karibu na Mbeya, reli inafikia kilele chake cha mita 1,789.

Sasa saa. Treni za abiria zimezoea kuondoka Dar mchana au alasiri, kwa hiyo Mlimba hufikiwa usiku na Makambako asubuhi. Weka saa ya kuamsha saa 11 alfajiri, kwa sababu sehemu ya juu ya mpando huonekana kukipambazuka. Treni ikichelewa saa nne au tano, msikasirike: mtauona mpando wote mchana kweupe. Kutoka Mbeya kurudi Dar ni kinyume, giza linaingia mapema kabla ya mteremko. Kwa hiyo endeni kwa treni kutoka Dar na mrudi kwa barabara.

Daraja la kwanza lina vitanda vinne kwa chumba. Ninyi ni watano. Kateni chumba kizima cha vinne na kitanda kimoja cha tano, alale baba, huku mama na bibi wakibaki na watoto. Bibi apewe kitanda cha chini. Stesheni ndogo hazina jukwaa la juu, ngazi ya behewa iko mbali na ardhi, hivyo asishuke kununua ndizi. Wauzaji watakuja dirishani.

Madirisha hufunguka. Hakuna kutoa kichwa wala mkono nje, na kila handaki linapokaribia fungeni dirisha, kwa sababu vichwa vya treni ni vya dizeli na moshi hujaa ndani. Bonde la Kilombero lina mbu wengi, kwa hiyo baada ya jua kuzama dirisha lifungwe na dawa ya mbu ipakwe. Saa chache baadaye mtahitaji sweta: Makambako mwezi Juni ni baridi ambayo mtoto wa Magu hajawahi kuikuta nyumbani. Sweta mbili kila mmoja, soksi, kofia ya bibi na blanketi lenu wenyewe. Viwekeni kwenye begi la mkononi, msije mkalifukua sanduku gizani.

Onyo moja kubwa. Huduma ya abiria ya TAZARA imesimama na kurejea zaidi ya mara moja miaka ya karibuni, na reli inakarabatiwa. Piga simu stesheni wiki mbili kabla, halafu siku mbili kabla, na usilipe hoteli ya Mbeya mpaka tiketi iwe mkononi. Ikisimama, msirudi nyumbani: kutoka Morogoro kuna mabasi ya Ifakara yanayopita Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, yako humo. Watoto wako watayafika kwa miguu. Bibi apumzike Mang'ula.

Kurudi kutoka Mbeya msikimbize siku moja. Laleni Iringa, kesho yake mpite Mtera hadi Dodoma, mlale tena.

Shikamooni. Sisi wa Musoma mnatusahau. Treni ya Arusha je?
*Mjukuu wa mzee, Musoma*

Marahaba. Inafaa, kwa anayeanzia Dar. Mkitoka Korogwe kuelekea Moshi kaeni kulia: Usambara kwanza, kisha Pare, milima imesimama kando ya reli kwa saa kadhaa. Usambara treni huipita usiku, lakini sehemu ya Pare inaweza kuangukia asubuhi, na Kilimanjaro huonekana vizuri kabla ya saa 3, mawingu hayajapanda.

Chakula gani cha kubeba kwa siku mbili njiani? Mwaka jana tulibeba sato wa kukaanga, wakaharibika.
*Mama wa wanne, Sengerema*

Sato wa kukaanga waliwe siku ileile, kabla ya jioni. Wanaharibika upesi mkiwafunga kwenye ndoo wakiwa moto: mvuke unalowesha, na joto la behewa linamaliza kazi. Waacheni wapoe kabisa, wafungwe kwenye karatasi, kisha kapu lenye hewa. Siku ya pili kuleni matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga na chapati kavu zisizo na mchuzi. Mayai yachemshwe dakika kumi na yabaki na maganda yake, yaliwe siku ya kwanza. Maji ni lita mbili kwa kila mtu kwa siku, na dumu moja la lita tano la kunawia, kwa sababu mabomba ya behewa huweza kukauka kabla ya safari kwisha. Bebeni pia karatasi za chooni na sabuni.

Na kwa kuwa siku hizi mnapita daraja la Kigongo–Busisi badala ya kungoja kivuko, mnaweza kukaanga alfajiri ileile na bado mkaliwahi basi Nyegezi.