Muulize Bibi Mkunga: Likizo ya kwanza na mtoto mgongoni

Shikamoo Bibi Mkunga. Tunaishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ametimiza miezi saba. Mume wangu amepata likizo Julai hii na ameazima IST ya kaka yake. Anataka tuanzie kwao Kondoa, bibi yake akamwone mjukuu, kisha tupande Kolo tukaone michoro ya mapangoni, tuzungukie Babati hadi Singida tukaone ziwa, ndipo turudi nyumbani. Ratiba yote ameiandika kwenye daftari, hadi saa ya kunywa chai. Mama yangu anasema mtoto bado mchanga na upepo wa Julai utampa nimonia. Jirani anasema nisipeleke mtoto kwenye mapango yenye mizimu. Mimi nahofia zaidi chakula, nepi na usiku. Twende au tutulie?
Mama wa Kwanza, Nkuhungu

Marahaba, mwanangu. Nendeni. Umri huo ni mzuri wa kusafiri naye kuliko atakapofikisha mwaka na nusu. Hajaanza kukimbia, hachagui kiti, na chakula chake kikuu unatembea nacho kifuani, tena cha moto. Ila hilo daftari la baba mtoto nipeni kwanza nilipunguze.

Kondoa, Kolo, Babati, Katesh, Singida, Manyoni mpaka Dodoma ni lami tupu, lakini ni zaidi ya kilomita 600. Watu wazima wawili wakiwa na maji na muziki wataimaliza wakicheka. Mtoto wa miezi saba atacheka hadi Kondoa, baada ya hapo mtalia wote watatu. Mwaka huu nendeni Kondoa na Kolo. Ziwa Singidani liko pale mjini Singida miaka yote, mtalikuta.

Msiondoke alfajiri kama abiria wa basi. Julai yetu asubuhi ni baridi ya kung'ata, na mtoto akiamshwa usingizini mtamlipa njia nzima. Mnyonyeshe, mbadilishe, mwondoke saa mbili jua likishapasha. Akilala, dereva atumie nafasi hiyo kwenda. Akiamka na kuanza kujinyonganyonga, simameni mahali salama nje ya barabara, mtandike kitenge chini ya mti, arushe miguu robo saa. Ratiba iwe hiyo tu.

Mtoto akae nyuma. Mkipata kiti cha mtoto cha gari, hata cha mtumba kisicho na ufa na chenye mikanda mizima, kifungeni kiti cha nyuma kikitazama nyuma. Kumpakata mbele sitaki hata kusikia, maana gari likifunga breki ghafla mikono ya mama haimzuii, na ule mfuko wa hewa wa kwenye dashibodi ukifumuka unampiga yeye. Akitaka kunyonya, gari lisimame. Baba akilalamika kwamba mnachelewa, muulize mnachelewa nini, si mko likizo?

Sasa upepo wa mama yako. Shikamoo yake nampelekea, lakini upepo peke yake hauleti nimonia. Nimonia inaletwa na vijidudu, na mtoto anavipata kwa watu wanaokohoa karibu yake. Moshi wa kuni nao unamdhoofisha mapafu, kwa hiyo ukifika kwa mama mkwe, ukumbi wako wa mazungumzo usiwe jikoni kwenye mafiga. Tazama kadi ya kliniki uone kama chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zimepigwa alama, kwa sababu mojawapo ni ya kinga ya nimonia. Kama kuna iliyorukwa, pita kliniki kabla ya safari, na kadi yenyewe usiiache nyumbani.

Kosa ninaloliona Dodoma kila Julai ni la upande wa pili. Saa saba mchana, jua limewaka, unamkuta mtoto kavikwa boshori, sweta mbili na soksi, kafunikwa blanketi la manyoya, uso mwekundu, nywele zimelowa jasho, na mama yake kavaa blauzi ya mikono mifupi. Mguse nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, mvue nguo moja. Asubuhi na jioni mwongezee.

Akianza kukohoa, usihangaike na kelele ya kikohozi. Subiri atulie au alale, mfunue kifua, weka saa ya simu, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Kwa umri wake, zikifika 50 au zaidi, mpeleke kituo cha afya. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au anashindwa kunyonya, nendeni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na ugenini.

Kuhusu Kolo, jirani yako hajatunga. Pale Mungomi wa Kolo, mojawapo ya mapango yenye michoro, wenyeji hutambika hadi leo, kwa hiyo mnaingia kwa adabu kama mnavyoingia kwenye nyumba ya ibada. Hilo halimzuii mtoto kupelekwa. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mnapofika Kolo mnaanzia ofisini, mnalipa, mnapewa mtu wa kuwaongoza. Muulizeni kama IST itafika hadi chini ya mlima, maana ile njia ya pembeni si ya gari lililo chini vile. Kutoka hapo ni kupanda kwa miguu juu ya mawe. Mbebe kwa mbeleko, mpokezane na baba yake, na mpande asubuhi. Mtaona watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wanyama. Mshike mikono mwanao, kwa sababu umri huo unataka kupapasa kila kitu, na michoro haiguswi wala hainyunyiziwi maji ili ionekane vizuri kwenye picha. Hatakumbuka chochote, najua. Mpigeni picha.

Nimeyamaliza hayo haraka kwa sababu linalonikosesha usingizi ni jingine. Miaka yangu yote ya wodini, watoto waliotoka likizo wakiletwa wagonjwa, mara nyingi chanzo kilipita mdomoni, na aliyeshika kijiko ni mtu anayempenda.

Kwanza asali. Mtaiona ikiuzwa barabarani kwenye chupa, na bibi yake Kondoa hatakosa ya kwake nzuri kabisa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, hata ya kulambishwa kwenye kidole. Inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga vinachipua na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anafunga choo, analia kwa sauti hafifu, shingo inalegea, kunyonya kunamshinda. Kuitia kwenye uji unaochemka hakusaidii. Wewe mama kula tu, haipiti kwenye maziwa.

Pili, unga. Utafungiwa mfuko wa unga wa lishe wa mahindi, karanga na kila nafaka iliyokuwepo ghalani. Hapo uwe macho na sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizokaa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mkoa wetu na wa jirani, Manyara. Kupika hakuiondoi, na huwezi kuionja. Mpikie uji wa ulezi au wa mtama, uongeze kiini cha yai au unga wa ubuyu uliochujwa. Karanga mkizitaka, ziwe mpya, mzichambue kwa mkono, zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zitupwe, ndipo zisagwe laini kabisa. Karanga nzima za kukaanga ni hatari ya kumkaba, na zabibu vilevile. Siku zabibu zikifika sokoni, zikatwe kwa urefu vipande vinne.

Tatu, maziwa ya ng'ombe yaliyotoka kukamuliwa. Yasiyochemshwa asionje hata tone, na hata yaliyochemshwa yasichukue nafasi ya titi kabla ya mwaka.

Najua unachojiuliza sasa: nitamwambiaje mama mkwe? Usimwambie wewe. Mwenye mama aseme na mama yake, na aseme mapema, kwa simu, kabla hamjawasha gari, kwa sababu kumkatalia bibi kijiko kikiwa tayari hewani mbele ya majirani ni kumvunjia heshima. Mumeo aseme, "Mama, kliniki wametukataza asali mpaka atimize mwaka." Chupa akiitoa, wewe ipokee kwa mikono miwili, ushukuru, uiweke kabatini hadi siku hiyo. Asali haiozi. Na usimwache bibi mikono mitupu, amesubiri huyu mjukuu. Mpe kumwogesha, mpe kumbeba, mpe kumlalisha mchana wewe ukanyooshe mgongo. Akiuliza nani hasa kakataza, nisingizieni mimi, nimezoea.

Nepi chukua za kitambaa na za kutupa chache za njiani, na mfuko wa kurudi nazo, msizitupe porini. Usiku mlale na chandarua chenu chenye dawa. Ataamka mara nyingi kuliko nyumbani kwa sababu harufu ya chumba ni ngeni, mnyonyeshe, atazoea. Homa ikimpata, apimwe malaria kwanza, msimpe dawa kwa kukisia.

Shikamoo Bibi. Tunampeleka mtoto wetu wa miezi mitatu Dar kwa treni ya umeme akaonwe na mama yangu. Joto la Dar unalijua. Anaruhusiwa kupewa maji kidogo?
Baba Kijana, Ilazo

Marahaba, baba. Hapana. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata Dar, hata mchana. Maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji. Joto likizidi atataka titi mara nyingi zaidi, wala msimhesabie. Wa kunyweshwa maji ni mkeo, na wa kumletea ni wewe. Akitoka vipele vya joto, mwogeshe kwa maji ya kawaida, mwache na nepi tu, poda msimmwagie.

Treni mmechagua vizuri. Tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 nawaambia wenye watoto wachanga waipande, kwa sababu unaweza kusimama na kumtembeza mtoto kwenye ujia, jambo ambalo kwenye basi ni vita. Fikeni stesheni mapema. Treni haimsubiri mtu anayebadilisha nepi.

Bibi, mume wangu ametaka kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga tukienda soko la Majengo. Watu hawatamcheka?
Mama Pacha, Chang'ombe

Watamcheka hadi kwenye nyanya, wakifika kwenye vitunguu watakuwa wamesahau. Kwa kuwa una pacha na mgongo wako ni mmoja, sioni swali hapa. Mfundishe tu kuifunga kanga ishike makalio ya mtoto kwa chini, miguu ikae imetanuka kama ya chura, na uso usifunikwe. Fundo afunge kifuani, maana wanaume hupenda kulifunga tumboni na mtoto anateleza.

Bibi Mkunga, mtoto wangu wa miezi mitano anaharisha siku ya tatu na anachemka. Jirani kamfungua mdomo, kasema ni meno ya plastiki, kuna mama anayajua kuyatoa. Nimpeleke?
Mama mwenye wasiwasi, Manyoni

Huyu nilimpigia simu siku ileile barua iliponifikia, na mtoto alipelekwa kituo cha afya. Naichapa kwa ajili yenu wengine, maana swali hili halikauki huku kwetu.

Hakuna meno ya plastiki. Kile cheupe kinachovimba kwenye ufizi ni chonge la mtoto ambalo halijatoka, na kila mtoto analo, mzima na mgonjwa. Wanaoharisha ndio wanaofunguliwa midomo, kwa hiyo wao ndio "wanaokutwa" nalo. Likichokonolewa kwa wembe au spoku ya baiskeli, mtoto anavuja damu, anaweza kupata pepopunda au virusi vya Ukimwi, na jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika. Kuhara kwenyewe kunaendelea kama kawaida.

Anayeharisha anapewa maji ya ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti ya lita moja ikorogwe kwenye lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, si kwenye kikombe, kwa kijiko kidogo kidogo kila anapoharisha. Anapewa na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiacha siku ya pili, kwa kipimo watakachokuandikia kituoni. Titi lisikatizwe. Macho yakidumbukia ndani, akitapika kila kitu, ukiona damu kwenye choo chake, akilegea au akipata degedege, usitafute hata hela ya bodaboda kwanza. Panda, utamlipa mkifika.