Binti anapanga New York, mimi niko Tanga

SWALI: Shangazi, shikamoo. Binti yangu amepata chuo New York na ameona chumba Bronx. Picha zinapendeza, lakini nitajuaje jengo lenyewe ni zima? – Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha zisikuteke. Niliwahi kupanga chumba Makorora kilichopakwa rangi mpya. Mvua za masika zilipoingia, rangi ilibanduka kama ganda la chungwa, na nyuma ya kabati ukungu mweusi tii. Nilikohoa miezi miwili. Huku kwetu ningewauliza majirani. Huko kuna daftari la wazi.

Binti aingie kwenye tovuti ya idara ya nyumba ya jiji lile, HPD, aandike namba ya jengo na jina la mtaa. Ni bure. Ataona makosa ya jengo waliyoandika wakaguzi, kwa madaraja: A ni dogo, B ni la hatari, C ni la hatari ya papo hapo, mfano kukosa maji ya moto.

Sasa atazame tarehe, hapo ndipo penye siri. Kosa moja la zamani lililofungwa lisimtishe. Ila akikuta malalamiko ya kukosa joto yakijirudia kila Desemba na Januari, asilipe hata senti. Sheria inamtaka mwenye nyumba apashe joto kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, na mtoto aliyekulia Tanga, jamani, baridi ile haijui.

Akishahamia, joto likikatika, apige 311, namba ya simu ya huduma za jiji.